Ndoo ya Mafuta ya Carolyne

Moureen anauza mboga katika soko la Voi, kabichi na karoti zinazoshuka kutoka milimani Werugha asubuhi mapema. Atakuchagulia karoti huku binti yake Shanice akilala mgongoni, akuulize habari za kwenu mpaka usahau ulichokuja kununua. Ana mdomo, lakini hana kisirani. Ndiyo maana yaliyompata bado yananichemsha damu, mimi ninayeuza dagaa mkabala naye.

Hapa kwetu ni joto na vumbi, na ngozi isiyopakwa mafuta hupauka upesi. Wengi wananunua mafuta ya kupima. Unaenda na kopo lako dukani kwa Carolyne, mwenzetu wa chama na wa kanisa, anakuchotea kwenye ndoo kubwa, unaenda zako. Kopo la Moureen lilikuwa la mafuta ya kampuni moja yenye sifa nzuri, ila hayo yaliisha kitambo na limejazwa tena na tena. Lebo tu ndiyo ilibaki.

Baada ya Pasaka, Carolyne alifungua ndoo mpya, mafuta meupe yanayonukia vizuri. Moureen akamwogesha Shanice, akampaka. Kufika jioni shingo na mapaja ya mtoto yalikuwa mekundu. Kesho yake akampeleka kliniki. Daktari akauliza anapakwa nini, Moureen akatoa kopo. Daktari akasoma lebo, akaridhika.

"Haya hayana shida. Ni upele wa joto. Tumia hii dawa, na mafuta yake uendelee nayo."

Jamani! Daktari wa watu alisoma jina la mafuta ambayo hayamo, na Moureen hakuona la kumwambia, kwa sababu kwetu kopo ni chombo tu kama sahani. Akarudi nyumbani, akaendelea kupaka kama alivyoagizwa. Siku chache baadaye, alipomvua mtoto fulana, ngozi ya shingo ikatoka pamoja na nguo. Mayowe yake yalitutoa majirani wote nje.

Shanice alilazwa. Safari hii muuguzi aliuliza mafuta yenyewe yalinunuliwa wapi, akaambiwa ni ya kupima, akashika kichwa. "Mama, huyu mtoto amechomwa na kemikali."

Moureen alikuja sokoni kutuambia, macho yamemvimba. Katunge, ambaye meza yake ya nyanya imegusana na ya Moureen, akainamisha uso. Kisha polepole akakunja mkono wa sweta. Ngozi ilikuwa imebabuka mpaka kwenye kiwiko.

"Hata mimi yalinichoma, Mama Shanice. Nikayatupa."

"Lini?"

"Kabla ya mtoto kuugua. Na Susan wa ndizi pia."

"Mkanyamaza? Katunge, mimi na wewe tunakula sahani moja!"

"Sasa ningesema nini? Carolyne ni mtu wetu. Ningemharibia kazi aje?"

 Watu wazima wamechomwa, wakatupa mafuta, wakaendelea kumsalimia mtoto mgongoni kwa mama yake wakijua anapakwa nini! Eti heshima. Eti undugu. Mimi nilishindwa hata kutukana, na si kawaida yangu.

Moureen hakubishana. Alichukua kopo lake akaenda moja kwa moja kwa afisa wa afya ya umma, akaeleza yote. Huku nyuma wanawake walimsema vibaya: amemchoma mwenzake kwa serikali, si angeenda waongee kwa upole. Afisa alipofika dukani kwa Carolyne, sote tukamfuata tukajaa mlangoni.

Carolyne alikuwa amesimama kando ya ndoo. Afisa akamuuliza kama kuna mteja aliyewahi kulalamika.

"Hakuna hata mmoja. Wateja walipungua tu, nikafikiri wamepata duka lingine."

Afisa akamwomba Katunge aonyeshe mkono. Carolyne akausogelea, akautazama kwa karibu. Uso wake ukabadilika, si wa aibu, wa hofu. Akashika ukingo wa meza.

"Mama yangu yuko hivi," alisema. "Mgongo mzima. Tulifikiri ni vidonda vya kulala sana, ndiyo nikawa nampaka haya asubuhi na jioni, mengi, ngozi ilainike."

 Kila mtu sokoni anajua mama yake Carolyne amelala kitandani tangu alipopooza, na mdomo wake haufunguki.

Carolyne alivua aproni akaitupa chini. Akaanza kupita katikati yetu aende nyumbani, duka wazi vile vile, kisha akageuka mlangoni akamwangalia Katunge, akamwangalia Susan.

"Yeye hawezi kusema," akasema. "Nyinyi je?"