Sanduku la Kufuli Tatu

Juzi akina mama Wakenya wa jengo letu hapa ughaibuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, waliniomba niwe mweka hazina wa chama chao cha akiba, na ghafla nikasikia harufu ya kutu na vitunguu.

Nilipokuwa mtoto kwetu, shangazi, muuza vitunguu, alitunza akiba ya wanawake wa soko letu katika sanduku la chuma la kufuli tatu, lakini funguo walikaa nazo wenzake. Alasiri moja jirani alikuja akilia, akiomba pesa za hospitali, mtoto wake hajiwezi.

“Vunja tu,” nilimwambia shangazi.

“Nikivunja leo kwa huruma, kesho nitavunja kwa njaa.”

Akatoka mbio juani kuwaita wanawake watatu wenye funguo. Walirudi wakihema, kufuli zikalia moja moja, mtoto akapelekwa hospitali. Mimi nilidhani wanawake wale hawamwamini shangazi, ndiyo maana hana ufunguo, nikaona aibu.

Nimekubali kazi. Nimenunua kufuli tatu, na sitaki ufunguo hata mmoja.