Gambuti la Baba

Gambuti la kulia la Baba lilikuwa na tundu mbele. Alilitoboa mwenyewe kwa kisu cha kuchunia mbuzi ili kidole gumba kipate nafasi, maana jongo, ule ugonjwa wa kuvimba viungo, lilipompanda hakuvumilia hata soksi. Hapa Giakanja tulimtania kwamba huo ni ugonjwa wa wenye nyama, naye akacheka nasi na kuchinja mbuzi mwingine. Figo lilikuwa langu, fungu la binti kwa desturi yetu. Alilichoma kando, akanipa mkononi likiwa bado la moto, nami nikaringa kweli kweli.

Mama alimjua kwa hatua zake, mguu mmoja mzito, mwingine wa kuburuta. Kila alipozisikia zikitoka zizini, alimimina chai. Asubuhi moja chai ilipoa. Tulimkuta kando ya ng'ombe, maziwa yamemwagika, moyo umesimama. Miaka yote ile tulikuwa tunauguza kidole.

Sasa nywele zangu zina mvi na nimerudi kukaa na Mama. Julai iliyopita, katika baridi yetu ile ya kuingia mifupani, niliamka kidole gumba kimevimba, chekundu, kinawaka. Hakuna kiatu kilichokubali. Nikavaa gambuti la Baba nikaenda kukamua. Nikirudi nikiburuta mguu, nilimsikia Mama jikoni akijisemea, "Leo baba yenu amemaliza mapema." Kisha chai ikamiminwa.

Niliogopa kuingia. Nilipoingia alinitazama usoni, akateremsha macho hadi miguuni, akakaa chini.

Daktari mmoja wa Nyeri mjini alinipima damu. Asidi ya yuriki, ile iletayo jongo, ilikuwa juu, na presha pia. Nikamuuliza kama asidi hiyo ndiyo iliyomuua Baba. Alisema hawezi kumsemea mtu aliyekwisha kuzikwa. Asidi hiyo na ugonjwa wa moyo huandamana mara nyingi, lakini kama kimoja huleta kingine, wataalamu bado wanabishana.

"Wewe hatutangoja wamalize kubishana," akasema, akanituma nikapimwe moyo.

Nyumbani, Mama hakuuliza habari ya kidole.

"Roho wameangalia?"

"Wameangalia. Wanasema imeanza kuchoka."

"Kama yake?"

Usiku nalala nikisikiliza kifua changu, na ninachukia kwamba ladha ya figo lile bado naikumbuka kwa hamu.

Dawa nameza. Nyama nimepunguza. Gambuti Mama amekataa litupwe, liko palepale mlangoni. Kila asubuhi nikitoka zizini, ninapofika dirisha la jikoni najikaza nikanyage sawasawa, hata kidole kikiuma. Ndani, Mama husimamisha birika juu ya kikombe, asimimine mpaka nimefungua mlango na ameniona ni mimi.