Mkono wa Baba Mdogo

Juzi nilimsindikiza baba mdogo, muuza vitenge wa Kariakoo, kwenda kupima masikio kwa mara ya kwanza. Mlangoni akaninong'oneza, "Nikifeli, mtanitoa dukani?"

Dada wa vipimo alimwamkia, akamketisha ng'ambo ya meza, akamvisha hedifoni. "Ukisikia mlio, hata mdogo kama wa mbu, nyoosha mkono."

Akabonyeza mashine. Mkono juu. Akabonyeza tena. Juu! Dada akanigeukia. "Mbona huyu anasikia kuliko mimi?"

Nikachanganyikiwa. Nyumbani simu huita ubavuni mwake mpaka inakata. Kwa hiyo siku zote anatupuuza tu? Nikaanza kukasirika.

Dada akafikiri kidogo, kisha akamgeuzia kiti, uso ukutani. Mkono haukunyanyuka tena. Kumbe mzee alikuwa akivizia kidole cha dada, kama anavyosoma midomo ya wateja dukani.

Wasomaji, kipimo hiki si mtihani, hakuna anayefeli. Nikamwomba dada amwambie hivyo. Akamwambia kwenye maiki, moja kwa moja masikioni, "Hujafeli, baba. Tumemaliza."

Baba mdogo alibaki ameukodolea macho ukuta, mkono tayari pajani, akisubiri mlio.