Kisusio Kabla ya Kisu

Wodi ya wanawake ilimchukia Dominika, naye alilijua hilo na wala hakujisumbua kulificha. Kazi yake ilikuwa kuwapima wagonjwa kabla ya nusu kaputi. Alifungua vinywa, akatikisa meno, akavuta kope aone wekundu wa damu, akauliza mtu akipandisha kilima cha kwao anapumzika mara ngapi. Wenye saratani ndio waliomwogopa zaidi, maana neno lake moja tu, "bado," lilimrudisha mtu nyumbani na uvimbe wake. Na ulimi wake ulikuwa pilipili. Wauguzi wenzake walimwita Bi Bado, tena si kwa siri.

Mwaka huo watu wa Old Moshi walikuwa wanang'oa mibuni na kupanda nyanya. Bernadetha alishuka kutoka huko na uvimbe kwenye titi la kushoto, mkubwa kama yai la kuku. Dominika akavuta kope, akaguna.

"Damu yako haitoshi. Kaongeze damu, urudi baada ya wiki tatu."

Hakueleza zaidi, foleni ilikuwa ndefu. Bernadetha akala mchicha na maini, akarudi, damu ikaonekana imepanda, na daktari akampangia Alhamisi. Jumatano jioni akaambiwa asile chochote mpaka atoke chumba cha upasuaji.

Alhamisi saa moja asubuhi Dominika alikuja kumkagua mara ya mwisho.

"Umekula?"

"Sijala."

Lakini pua haidanganyiki. Dominika akamfungua kinywa, akaona wekundu kwenye fizi, akainama chini ya kitanda na kuibuka na chupa ya chai. Ndani mlikuwa na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, bado cha moto.

"Nani kaleta huu uchafu?"

"Mimi," alisema Efraimu, mume wa Bernadetha, kifua mbele. Alikuwa amechinja beberu alfajiri na kukodi gari kumuwahishia mkewe supu. "Si wewe uliyesema damu haitoshi? Nimemwongezea. Hicho si chakula, ni damu."

Dominika akalipuka.

"Mnataka nimuue mtu mezani? Na wewe mwanamke mzima, unabugia damu kama fisi, halafu unanidanganya usoni! Operesheni hakuna!"

Wodi nzima ilisikia. Wawili watatu wakacheka. Daktari alipokuja, Dominika alimweleza taratibu kwamba mgonjwa akilazwa usingizi na tumbo limejaa, kisusio kitapanda, kitaingia mapafuni, naye atakufa. Daktari akakubali, akasema basi Alhamisi ijayo. Wakati huo Bernadetha alikuwa anafunga kanga zake huku analia, akiwaona kwa mbali wanavyoongea kwa upole, kisha akaondoka.

"Haturudi hapa kutukanwa," Efraimu alisema mlangoni. "Afadhali afie kwake."

Alhamisi iliyofuata kitanda kilikuwa kitupu. Dominika alikasirika, kwanza na wao, halafu, kwa uchungu zaidi, na yeye mwenyewe. Uvimbe haungojei hasira za watu zipoe. Jumamosi akavaa raba, akapanda Old Moshi.

Efraimu alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alipomwona, alisimama na panga lake mkononi.

"Geuza ulikotoka."

"Nikishasema." Dominika alikuwa anahema. Maneno ya kuomba radhi alikuwa hajayazoea. "Nilisema ongezeni damu, sikusema vipi wala mwisho lini. Kosa hilo ni langu. Kumwita mkeo fisi, ni langu pia." Kisha akamweleza habari ya tumbo na mapafu, yote.

Bernadetha akatokea mgombani, amekonda.

"Mbona hayo hukuniambia mimi? Daktari ulimweleza kwa adabu. Mimi ukanitangaza wodi nzima."

Dominika akainama, akafunga upya kamba za raba.

"Nitakuja Alhamisi," alisema Bernadetha. "Lakini wewe usiniguse."

"Wa usingizi tuko wawili, na mwenzangu yuko likizo. Ni mimi, au kaa na uvimbe wako."

Efraimu akatukana kwa Kichagga. Bernadetha akamtazama yule mwanamke, asiamini kwamba hata katika kuomba radhi mtu anaweza kuwa mkali hivyo.

Alhamisi alikuja, midomo imekauka kwa njaa. Alifungua kinywa alipoambiwa, macho yake ukutani. Maswali yote aliyajibu kwa kichwa. Dominika akamlaza usingizi na kukaa kichwani pake, vidole kwenye mshipa, mpaka titi likatolewa na kidonda kikashonwa.

Adhuhuri akamwinamia. "Bernadetha, unanisikia?"

Bernadetha akafumbua macho, akamtambua, akasonya na kugeuzia uso pembeni.

"Hana hata shukrani!" alisema muuguzi aliyekuwa karibu.

"Mwache anichukie," Dominika alisema, akimfunika shuka. "Maiti hamchukii mtu."