Mkubwa wa Polinomia

Tatu juu ya kumi! Mimi, niliyekuwa nawaelekeza wenzangu hesabu tangu darasa la nne huko kwetu Kibosho, nimepewa tatu. Nikaikunja ile karatasi, nikaificha ndani ya soksi, nikarudi nyumbani nimenuna.

Nilikuwa kidato cha pili, na mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyechagua wa kuingia mchepuo wa sayansi. Niliutaka mpaka nikauota. Jaribio lilihusu polinomia: tazama kila moja, useme digrii yake, yaani kipeo chake kikubwa. Rahisi, nikajisemea. Kwetu anayekaa mwanzo wa benchi ndiye mkubwa, basi nami nikatazama kilichoandikwa mwanzo. 2x + 5x³ − 1? Mwanzo kuna 2x, x isiyo na kipeo juu yake, digrii moja, imekwisha hiyo. Kumbe mwalimu alikuwa amezivuruga mpangilio makusudi, kipeo kikubwa kisitangulie! "Rudia Jumatatu," akaniambia. "Ukikosa tena, unakwenda sanaa."

Jumamosi mchana ukoo ukakutana kwetu kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kazi yangu ilikuwa kupeleka kata ya pombe kwa kufuata ukubwa, na benchi lilikuwa limeshajaa. Mara akaingia kaka yake babu, amecheleweshwa na matope. Watu wakataka kumpisha, akakataa, akaketi kwenye kigoda mlangoni, nyuma ya vijana wote. Nami na kichwa changu kigumu nikapeleka kata kwa wa kwanza kwenye benchi.

"We mtoto!" baba akanikaripia mbele za watu. "Mkubwa humwoni?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilipogeuka kuelekea mlangoni nikasimama katikati ya chumba, nikacheka peke yangu. Mkubwa ni mkubwa hata akikaa mlangoni! Ile 5x³ ilikuwa katikati, na digrii ni tatu.

"Huyu anacheka nini tena?" shangazi akauliza.

Jumapili baada ya misa nikazirudia zote, nikataka na zaidi. Saba peke yake je? Haina x, digrii yake sifuri. Na sifuri yenyewe? Hapo nikakwama, na kukwama kwenyewe kukaninogea.

Jumatatu nikapata kumi. Mwalimu hakuamini. Akaandika ubaoni x³ + 4x − x³.

"Moja," nikasema. "Wakubwa wamefutana, amebaki 4x."

Akafuta, akaandika x − x, yaani ileile sifuri iliyonikwamisha. "Na hii?"

Nikafikiria nyumba ya jirani zetu, chini ya barabara. Miaka ile ugonjwa ulikuwa unamaliza watu, na kwao tulizika mpaka wa mwisho. Ungekwenda pale, ungemuuliza nani mkubwa ni yupi?

"Haina digrii, mwalimu. Hakuna aliyebaki."

Akaigeuzageuza chaki mkononi bila kuandika kitu.

"Kwetu Tarakea nimebaki mimi peke yangu," akasema, kisha akavuta orodha ya sayansi, akaandika jina langu.