Tundu Aliloliziba Savary

Atakayenikatiza atafua shuka zangu za mwezi mzima, kwa mikono yake na kwa jivu lake. Nimeshasema. Kisa cha kaka yangu Savary kila mtu hapa bwawani anakijua, na kila mtu anakikosea. Mimi Hersende ndiye dada yake wa tumbo moja, na siku ile juu ya ngazi nilikuwa mimi, si mama zenu. Wifi mwenyewe amenipa ruhusa nikiseme. Basi suuzeni mkisikiliza.

Savary ni mwashi. Si mwashi wa kurundika mawe ya zizi la nguruwe! Mnara wa kanisa la watawa ameujenga yeye, na hapa Poitou sijaona mnara mwingine ambao upepo umeshindwa nao namna ile. Sura hakujaliwa, masikio yake yanatangulia kuingia mlangoni. Lakini ana neno moja. Akisema ndiyo ni ndiyo, na akisema kesho, kesho anakuja, hata mvua inyeshe mawe.

Mkewe alimkuta kwenye chemchemi ya msituni, alipokwenda kutafuta maji ya kulowekea chokaa. Mwanamke amekaa juu ya jiwe jeupe, anachana nywele, hana wasiwasi na mtu. Kaka yangu akasimama pale na ndoo zake mbili kama kapigwa na radi.

"Unaangalia mimi au unaangalia jiwe?" mwanamke akamuuliza.

"Vyote viwili," akasema Savary. Mpumbavu hajui hata kudanganya! "Jiwe lenyewe ni zuri. Nikilibeba hadi kwangu, utakuja kulikalia?"

Yule mwanamke akacheka. "Ukilibeba peke yako, nitakuja."

Akalibeba. Kutoka msituni hadi hapa, mchana kutwa, mgongo ukamchunika kabisa. Lile lililo mlangoni pake mpaka leo ndilo jiwe lenyewe. Mwanamke alikuja nyuma yake ameshika ndoo za maji, akatuambia anaitwa Odierne, na kwamba ataolewa kwa sharti moja. Kila Jumamosi, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, mumewe asimtie machoni. Siku atakayomwona ndiyo siku atakayoondoka, wala hatarudi.

"Jumamosi mimi huwa kazini," Savary akajibu, kana kwamba kaambiwa asile vitunguu. Akaapa mbele ya padri.

Mwaka wa kwanza Odierne alijifungia Jumamosi nyuma ya pazia. Savary akaona pazia halimpi mkewe heshima, akamjengea chumba cha kuogea nyuma ya nyumba, cha mawe matupu, ukuta mrefu, dirisha hakuna, mwanga unaingia kwa juu tu karibu na paa. Sasa, ninyi si waashi, kwa hiyo nitawaeleza. Mwashi akipandisha ukuta huacha matundu ya kuchomekea miti ya jukwaa lake. Kazi ikiisha hushuka taratibu, anachomoa mti, anaziba tundu, anachomoa mwingine, anaziba. Savary alikuwa akishuka hivyohivyo nilipompigia kelele kwamba Odierne kashikwa na uchungu. Aliruka chini akakimbia. Mtoto wa kike akazaliwa, divai ikanywewa, miti ikaondolewa na vibarua, na tundu moja likasahaulika. Kosa la fundi mwenye furaha.

Aliyeliona ni binamu yetu Gontier, mwezekaji wa mapaa. Aliona mbayuwayu wanaingia pale ukutani na kutoka. Gontier alikuwa amemtolea Odierne macho tangu siku ya harusi, na mtu akikosa zabibu huanza kuzisema. Basi kila akikutana na Savary kwenye tanuri la mkate, ni maneno.

"Mwanaume mzima unapangiwa siku! Jumamosi mkeo anaoga na nani?"

"Anaoga na maji," anasema Savary.

"Yakhe, umefugwa wewe. Bado kamba shingoni tu."

Savary anachukua mkate wake anaondoka. Lakini mimi dada mtu nilimfahamu. Alianza kukosa usingizi. Siku moja akaniambia, "Hersende, simshuku. Ila namwogopa huyu Gontier, na najiogopa mimi." Maana tundu lenyewe Gontier alikuwa ameshamwonyesha, ila watawa walikuwa wamempa kazi ya kuwajengea kabati la mawe kanisani, na kazi hiyo haikumpa nafasi ya kupanda kuliziba. Ataliziba Jumatatu, akasema.

Jumatatu haikufika. Jumamosi, adhuhuri kabisa, natoka kwangu na kapu la nguo, namkuta Gontier ameegemeza ngazi yake ya kuezekea kwenye ukuta wa wifi yangu.

"Thubutu!" nikamwambia.

"Nataka kumsaidia ndugu yangu ajue ukweli."

"Ukweli gani, wewe mla vya watu kwa macho? Nipishe. Akichunguliwa mwanamke, atachunguliwa na mwanamke mwenzake. Nitakuambia hakuna kitu, na utafunga hilo domo."

Nikapanda. Nakiri, sikupanda kwa ajili ya Gontier peke yake. Hata mimi nilikuwa nawashwa. Nikaweka jicho kwenye tundu.

Wifi yangu alikuwa ndani ya pipa kubwa la maji. Kuanzia kiunoni kwenda juu, Odierne yuleyule. Kuanzia kiunoni kwenda chini, mkia. Mkia wa nyoka, mnene, wa buluu na fedha, umetoka ndani ya pipa na kujizungusha sakafuni duara juu ya duara. Na katikati ya yale maduara mwanangu mdogo, binti wa kaka yangu, amelala fofofo, na ncha ya mkia inampepea nzi. Mama mtu anaimba polepole, huku anashona soksi ya Savary iliyotoboka kisigino.

Nikashuka sijui vipi, na nikageuka namwona Savary anakuja mbio kutoka kanisani na chokaa mikononi. Kuna aliyemwita.

"Dada yako kaona!" Gontier akapiga kelele. "Muulize! Mtazame alivyopauka!"

Kaka yangu aliniangalia. Jamani, sijawahi kuangaliwa vile. Neno langu moja lilikuwa linatosha kumwacha bila mke, na mtoto bila mama.

"Nimeona mwanamke na mwanawe," nikasema. "Na soksi yako."

"Mwongo!" Gontier akaanza kupanda. Sikufikiri. Niliishika ile ngazi nikaitikisa nilivyokuwa natikisa mti wa tufaha utotoni, na Gontier akaangukia kwenye upupu, uso kwanza.

Savary alichukua jiwe, akalichonga mara mbili kwa nyundo, akajaza mwiko udongo wa chokaa, akairudisha ngazi na kupanda. Alipofika kwenye tundu, ule mwanga wa ndani ukampiga usoni. Tukausikia wimbo.

"Tazama, bwege!" Gontier anajikuna huku anapayuka. "Mara moja tu! Nani atajua?"

Kaka yangu alifumba macho. Niliona anavyoyakaza, mpaka paji lote likakunjana. Akapapasa kingo za tundu kwa vidole, akapaka udongo, akaingiza jiwe. Likakwama katikati. Akasukuma, wapi. Wimbo ukanyamaza, halafu jiwe likavutwa kwa ndani, taratibu, likakaa mahali pake barabara. Savary akasawazisha udongo, akashuka, ndipo akafumbua macho.

"Nani kaacha kapu la nguo njiani?" akauliza.

Kesho yake baada ya misa Odierne alinikamata mkono. "Wifi, uliona nini?"

"Nimeona mtoto amelala vizuri."

Akanibusu mashavu yote mawili. Hatukulizungumza tena miaka thelathini, na Savary hakuniuliza hata siku moja.

Chokaa ndiyo iliyomla macho. Chokaa na vumbi la mawe, kidogokidogo, mpaka msimu wa mavuno uliopita giza likafunga kabisa. Akawa anakaa kwenye lile jiwe jeupe mlangoni. "Hersende," akaniambia, "kwangu sasa siku zote ni Jumamosi. Ningejua, ningemtazama zaidi Jumapili." Akalia. Nikalia naye, sioni haya.

Jumamosi iliyofuata tumekaa hapohapo, jua liko juu, tukasikia mlango wa chumba cha kuogea unafunguliwa.

"Savary," Odierne akaita. "Njoo."

"Leo Jumamosi, mke wangu."

"Siku naijua. Uliapa nini?"

"Kutokukuona."

"Unaniona?"

Kaka yangu akageuza uso upande wa ile sauti. "Sikuoni," akasema.

"Basi njoo. Nimekungoja miaka mingi mno."

Akainuka, akajikwaa kwenye kapu langu, akaufuata ukuta alioujenga kwa kiganja mpaka mlangoni, akaingia. Mlango ukafungwa. Muda mrefu sikusikia kitu, nikaanza kusali. Kisha nikamsikia mzee yule anacheka, kicheko cha kijana aliyebeba jiwe kutoka msituni.

Alitoka amelowa hadi shingoni.

"Je?" nikamuuliza.

"Nimeshika kazi za mafundi maisha yangu yote," akasema, "sijawahi kukuta viungo vimepangika vile." Halafu akanigeuzia uso. "Nawe ulijua."

"Nilikuambia nilichokiona. Mwanamke na mwanawe."

"Ndiyo," akasema. "Ndicho kilichokuwapo."

Basi hizi nilizonazo hapa ni nguo zake za juzi, za Jumamosi. Huniletea zimelowa tayari. Mara nyingine nakuta gamba la buluu limenasa kwenye sufu, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Silitupi. Nampelekea, analipapasa, analitia kwenye kifuko cha mkanda wake.