Neno "Ilikwisha"

Neno moja tu, "ilikwisha", lilikaribia kumnyima Falone mtoto. Nitalisema hata wakwe zake wakinuna.

Falone anauza jibini inayotoka Fataki kwenye meza iliyo jirani na yangu, hapa sokoni Bunia. Ana miaka thelathini na sita. Ndoa ina saba, mtoto bado. Mwaka jana alitibiwa kansa ya tezi za shingo. Dawa zilipokwisha akatumwa Nairobi kwa ile picha ya mwili mzima: unadungwa sukari yenye mionzi, na penye seli zinazokula sukari kwa pupa panawaka. Mumewe Delphin alikuwa Mambasa kwenye kazi ya mbao, basi akasindikizwa na baba mkwe, mzee Zacharie, ambaye anajua Kiingereza.

Majibu yakaja: shingo safi, lakini kifuko cha mayai cha kushoto kimewaka. Wanashuku kansa. Kizazi kitolewe chote.

Ijumaa mimi, Falone na mzee tukaenda kwa daktari Adèle, hapa Bunia, kupanga upasuaji. Falone alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma. Adèle akamwomba mzee atafsiri karatasi ya Kiingereza ya Nairobi mstari kwa mstari. Alipofika katikati, sauti ikashuka.

"Mwezi... ilikwisha."

"Ilikatika? Tangu wakati gani?" Adèle akauliza.

Falone akatazama sakafu. Kule Nairobi mzee alikuwa amemuuliza mambo ya mwezi huku akitazama viatu vyake, naye kwa haya akajibu neno hilo moja. Mkwe na baba mkwe hawazungumzi hayo. Mimi heshima ya namna hiyo imenichosha. Nikamfinya.

"Mficha uchi hazai. Sema."

"Papa, unisamehe," akasema. "Ilikwisha ya mwezi ule tu. Ilianzaka le trois. Picha ilikuwa le seize."

Adèle akahesabu kutoka tarehe tatu mpaka kumi na sita, akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba katikati ya mzunguko wa hedhi, kifuko kizima kinachotoa yai nacho hula sukari, nacho huwaka, bila ugonjwa wowote. Waliosoma picha walidhani ni mama aliyekoma hedhi kwa sababu ya dawa.

Akapiga simu Nairobi. Mzee Zacharie ndiye aliyelazimika kuyasema yote, kwa Kiingereza, amegeukia ukuta. Shati lake lililowa mgongoni. Akasikiliza muda mrefu.

"Wanasema inaweza kuwa kawaida. Tungojee mwezi inayokuja, tupime echo, ile picha ya tumbo. Kama iko muzuri, hakuna kupasula."

Wiki tatu za kungoja Falone hakula vizuri. Jibini yake niliiuza mimi, nikimdanganya kwamba sina hofu.

Siku ya echo, mzee alikaa nje kwenye benchi, kama desturi. Adèle alitafuta kushoto, akarudia, akasema hakuna kitu, basi hakuna upasuaji. Falone akafunga kitenge, akatoka mbele yangu, akapiga goti kwa baba mkwe wake katikati ya watu.

"Papa, mwezi haiyaisha."

Mzee akavua kofia. "Asante kuniambia, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.